Jirani Aliyetoka Mji wa Reli

Poland sijafika wala sitafika, miguu yangu hii hainifikishi hata dukani. Lakini mji mmoja wa huko naujua kuliko mitaa ya hapa Maskati. Niulize treni ya kwanza ya alfajiri inaondoka saa ngapi, ntakwambia. Niulize kituo kiko upande gani wa kanisa, na kwa nini njia ya miguu inapita chini ya reli na si juu yake, ntakwambia. Jina la mji ndilo usiniulize. Limejaa herufi zinazogombana mdomoni, na kila nilipojaribu kulitamka, mwenye mji alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwenye mji nnamwita Jirani. Jina analo, zuri, na jengine alipewa siku aliposilimu, zuri vilevile. Sisi wawili hatukuyatumia. Zaidi ya miaka thelathini yeye kaniita jirani na mie nimemwita jirani, ukuta mmoja katikati yetu, hapa Khuwair. Nnamwandika kwa sababu nilimkosea kosa kubwa, nikaenda kumtaka radhi, na nnataka watu wajue alinijibu nini. Wajukuu zangu wananiambia, "Bibi, andika mambo mazuri ya zamani." Hayo wataandika wao.

Mumewe alikuwa wa kwetu, mtoto wa Unguja aliyekwenda kusoma uhandisi huko kwao, akarudi na digrii na mke. Nchi hii ilipowafungulia mlango watu wa Unguja wenye asili ya huku, wakaja hapa, kama tulivyokuja sote. Mkwe wake alikuwa hajui lugha ila Kiswahili, basi Jirani akajifunza Kiswahili kwa mkwe, na mkwe yule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Ng'ambo, mitaa ya Unguja mjini yenye ndimi kali. Alimfunza maneno pamoja na matusi yake, hakumbakishia. Ukimsikia mwanamke mweupe kama unga, macho ya buluu, anamfokea muuza mboga mlangoni, "Kefule! Nyanya gani hizi, zimeoza kama ulimi wako!" ungedhani kazaliwa Mwembetanga, hukohuko Ng'ambo. Muuza mboga mwenyewe Mhindi wa Kerala, hasikii neno. Lakini nyanya alibadilisha.

Ukikaa naye kunywa kahawa, mazungumzo yakianzia popote, kwenye bei ya samaki wa Yiti au harusi ya mtu, yataishia kwenye treni. Mji wao, alikuwa akisema, ulizaliwa na treni. Kabla yake palikuwa na mchanga na misonobari, basi. Ikajengwa reli kutoka Warshawa, mji mkuu wao, na treni ikawa inasimama pale kunywa maji. Treni ikisimama kunywa maji, mtu huteremka kunyoosha mgongo. Akinyoosha mgongo akaona hewa nzuri, anataka kujenga. Matajiri wa mji mkuu wakajenga nyumba za mbao zenye baraza za nakshi, wakawa wanakimbilia huko joto likizidi.

"Joto kiasi gani?" nikamuuliza.

Akaniambia.

"Jirani, hiyo kwetu tunavaa sweta."

Wenye maradhi ya kifua nao wakaletwa kuvuta hewa ya misonobari. Wafanyakazi wakafuata, maana nusu saa ya treni si safari. Mji ukajaa. Halafu vikaja vita, na hapo alikuwa akipunguza sauti hata tukiwa wawili peke yetu. Mayahudi wa mji ule, mitaa kwa mitaa, walitolewa majumbani wakapakiwa kwenye treni, juu ya reli zilezile, na hawakurudi. "Treni iliuleta mji, jirani," alisema, "na treni ikauchukua." Sikumuuliza zaidi. Sisi watu wa Unguja tuna mwaka wetu ambao hatuulizani.

Vita vilipokwisha walitengeneza reli kabla ya mapaa. Tangu hapo ukawa mji wa kulala. Alfajiri watu wazima wote wamesimama kituoni na kipande cha mkate mfukoni, jioni wanarudi na uchovu. Mchana ukienda utakuta vikongwe na mapaka.

Nikamwambia, "Kama Mabela." Wakati huo Mabela ndiyo kwanza inajengwa, vijana wanapewa viwanja huko, wanalala huko, kazi wanafanya huku.

"Mabela haina treni."

"Ina magari."

"Gari ni la mtu, jirani. Treni ni ya kila mtu. Haimjui bwana wala mtwana, haimjui mwanamke wala mwanamume. Ukiwa na tiketi unakwenda."

Nilimwona mshamba. Nilikuwa nna mume mwenye gari na wana watatu wenye magari, nilijiona malkia. Ilinichukua uzee kujua kuwa miaka yote sikuwahi kwenda pahala mpaka mwanamume atie ufunguo.

Dada yake Jirani alikuwa akikata tiketi katika kituo cha mji ule, dirisha moja, maisha yake yote ya kazi. Kila mwisho wa mwaka ratiba ya treni ikibadilishwa, dada alipeleka mpya kwa posta. Jirani aliibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Ukifungua kutoa kikombe, unaiona: safu kwa safu, saa na dakika. Skuli mimi sikwenda. Nilisoma chuoni, msahafu nnausoma vizuri kuliko wengi wenye digrii, lakini herufi za kizungu na tarakimu zake nilizijulia kwenye karatasi ile. Alinisimamisha mbele ya kabati, kidole changu ndani ya mkono wake, akasema soma. Nikawa nasoma vituo. Hii kalamu nnayoandikia leo yeye ndiye aliyenipa, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Saa alikuwa nazo mbili ukutani, ya hapa na ya kwao. Katikati ya maneno anainua kichwa: "Sasa hivi ile ya saa saba na nusu inaingia." Halafu anaendelea na kahawa. Akikwambia atakuja saa kumi, saa kumi kamili kengele inalia, na wewe bado umejifunga kanga ya kuogea. Kulikuwa na harusi kwetu, kadi imeandikwa saa mbili usiku. Akaja saa mbili. Alimkuta mtu anayefunga taa na mimi nimepaka hina mikono miwili siwezi kumfungulia mlango. Akakaa nje ndani ya gari na mumewe mpaka saa nne, hakukasirika. Alisema tu: "Aliyechelewa dakika moja na aliyechelewa siku nzima wote treni wameikosa." Sisi tukalifanya neno hilo mzaha. Mtu akichelewa pilau, tunamwambia treni umeikosa.

Lakini usidhani aliupenda mji ule. Hapo ndipo sikumuelewa kwa miaka. Alijua kila dakika ya treni zake na alikuwa akiuchukia. "Mji wa kituo kimoja," alisema. "Kila mtu anaona umeteremka na nani." Siku aliyoteremka na kijana wa Kiafrika mwenye jina la Kiarabu, madirisha yalifungwa moja baada ya jengine kuanzia kituoni mpaka kwao, na la mwisho kufungwa lilikuwa la mama yake. Siku ya kuondoka hakuna aliyemsindikiza. Dada yuko kazini, foleni ndefu, hawezi kutoka dirishani. Alimpitishia tiketi chini ya kioo, akamshika vidole kwa hapo chini, mpaka watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele. Hakurudi tena. Mwanzo mambo ya pasi, halafu watoto, halafu mkwe mgonjwa, halafu alikuwa akisema mwakani.

Na dini yake hivyohivyo. Ramadhani alifunga, na sita za Shawali juu yake, wakati masharifa wa mtaa huu wanatafuta udhuru wa vidonda vya tumbo. Lakini kila mwanzo wa mwezi wa kumi na moja wa kizungu alipanda juu ya dari akawasha mshumaa ndani ya gilasi. Nilimwona siku moja naanua nguo.

"Hii nini?"

"Taa."

"Ya nani?"

"Ya wafu."

"Wafu hawaoni, jirani."

"Najua. Naona mie."

Sikumsema kwa mtu. Hilo nililimeza, na nnataka niandikiwe, kwa sababu mengine sikuyameza. Mwaka wake wa pili hapa alisikia kuna basi linapita barabara kubwa kwenda Ruwi. Akatoka na kikapu chake na kilemba cha maua, akasimama juani kando ya barabara, anatazama saa yake. Nilikuwa napita na mume wangu garini. Tukasimama.

"Jirani, unangoja nini?"

"Basi. Linapita saa ngapi?"

"Linapita likipita."

Akacheka, akakataa kupanda gari letu, anataka basi. Jioni ile mumewe akaambiwa mkewe anasimama barabarani kama mtu asiye na mwenyewe. Nani aliyemwambia? Mimi. Nilidhani namstiri. Hakusimama tena. Tangu siku hiyo akawa anatoka Alkhamisi, mumewe akitoka kazini, kama sisi wote. Alinijua ni mimi, na Jumamosi yake alinigongea mlango akaniletea zile sambusa zao za kuchemsha, za mbatata. Alikuwa hivyo. Usingeweza kujua kama amekusamehe au anakulisha tu.

Sasa nifike pahala penyewe.

Miye ni muosha. Wanawake wa mtaa huu wakifa mimi ndiye nnayewaosha, na wakifiwa na waume mimi ndiye nnayewaingiza eda. Nnajua nguo, nnajua nia, nnajua nini afanye na nini asifanye. Hakuna aliyenisomesha, nimerithi kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Watu wakinisikiliza, nami nilipenda kusikilizwa. Mume wa Jirani alipofariki, nikamshika mkono mjane wake nikamkalisha chumbani. Miezi minne na siku kumi. Akauliza kila kitu kwa saa yake: inaanza lini khasa, inakwisha lini khasa. Akaandika kwenye karatasi akabandika kabatini, pembeni ya ratiba.

Siku ya tatu ya msiba, chumba kimejaa wanawake, mwanawe akagonga mlango. Akasema kutoka nje, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Mama, wamepiga simu kutoka kwenu. Khaloo, dada yako, yuko hospitali. Wanasema hana siku nyingi. Anakutaka. Nnaweza kukukatia tiketi ya kesho."

Jirani akainuka nusu, mkono umeshika kitanda. Halafu wanawake wote wakanitazama mimi.

Ningeweza kusema sijui. Neno fupi. Ningeweza kusema aulizwe shekhe, simu iko palepale. Lakini watu thelathini wananitazama, na mimi ndiye muosha. Nikasema, "Mwenye eda hatoki. Safari ndiyo kabisa. Si mume wake huyo bado mbichi kaburini?"

Nikasikia wanawake wanaguna kukubali. Mwanawe akasema, "Bibi, lakini ni dada yake." Nikamwambia, "Mwanangu, dini haina dada."

Jirani akanitazama mimi, akawatazama wanawake mmoja mmoja, kama mtu anayesoma vituo. Akakaa. Akasema, "Basi ntakaa."

Wote tukamsifu. Tulisema mashaallah, mzungu gani huyu, ana imani kuliko sisi. Dada yake akafa haikutimia wiki mbili, kazikwa na majirani.

Eda ilipokwisha mwanawe akauza nyumba, akamchukua kwake Mabela. Nikabaki na ukuta, na ng'ambo ya ukuta watu wa Dubai wanaofuga mbwa.

Miaka miwili baadaye nilikuwa kwenye darsa ya wanawake, mwalimu wetu msichana mdogo, wa kuzaliwa na binti yangu. Habari ikawa ya eda. Mimi, kwa kujiona, nikaisimulia ile ya Jirani, nikaisimulia vizuri, kama mtu anayeonyesha dhahabu. Nilingoja mashaallah. Yule msichana akaniuliza pole pole, "Bibi, mlimuuliza nani?"

"Nani wa kuulizwa? Si inajulikana."

"Dharura ina mlango wake, Bibi. Mngeuliza mwenye elimu. Huenda angepewa ruhusa akaenda." Akageuza maneno haraka, asiniaibishe mbele za watu. Hilo ndilo lililonichoma, kuonewa huruma na mtoto.

Nimekaa na jambo lile mwaka mzima. Nikijiambia Mabela mbali. Nikijiambia hakuna wa kunipeleka, na kweli hakuna, lakini muongo hutafuta ukweli wa kujifichia. Mwisho, Shaabani iliyopita, nikamwambia mjukuu wangu wa kike, "Nipeleke leo, nisije nikafa na deni la mtu." Akanipeleka, analalamika njia nzima. Malori ya kwenda Rusayl yamejaa barabara, tumekaa foleni mpaka alasiri ikaingia. Akaniambia, "Bibi, nna saa moja tu, nna miadi."

Mlango alinifungulia dada wa kazi, mtoto wa bara. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye jirani? Karibu. Bibi anakutajaga sana. Humu ndani Kiswahili tunaongea mimi na yeye tu, hawa wengine ni Kiingereza mpaka kwenye kula."

Jirani alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Amepungua, amebaki macho na mifupa. Dirishani huoni kitu, ukuta wa jirani na tangi la maji. Nikamsalimu, nikamuuliza afya, akaniuliza magoti. Tukanywa kahawa. Nikaona dakika zinakwenda, nikaweka kikombe chini.

"Jirani, nimekuja kukutaka radhi. Siku ile ya khabari ya dada yako nilisema nisilolijua. Nimeambiwa pengine ungeruhusiwa. Nilikuzuilia dada yako kwa kiburi changu."

Hakushtuka. Alikuwa anapangusa makombo kwenye paja lake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kuwa inawezekana. Mwanangu alimuuliza shekhe palepale, kabla ya alasiri. Akaja kunong'ona mlangoni, mama, shekhe kasema kwa dharura kama hii unaweza, twende. Nikamwambia hapana."

Nilihisi damu inarudi usoni, na ntasema kweli, ilikuwa raha. Nikasema moyoni, basi si mimi. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukwenda, jirani?"

"Mlikuwa mmejaa chumbani. Miaka thelathini na kitu nnasikia 'yule mzungu', mpaka jikoni kwangu, mpaka kwenye msiba wa mume wangu mwenyewe. Siku ile mlinitazama nyote. Nikasema, leo nkikaa, nimekuwa wenu. Dada yangu atanielewa. Yeye alijua mtu akishika dirisha hawezi kuliacha." Akapangusa tena paja. "Nikakaa. Mkasema mashaallah. Mkala wali, mkaenda zenu."

"Tulikuja…"

"Wewe ulikuja mara tatu, jirani. Miezi minne na siku kumi. Mara tatu. Nilikuwa naandika kabatini."

Nikamwambia nilikuwa na wajukuu, binti yangu kazaa, sukari ilipanda. Yote kweli.

"Ukuta mmoja," akasema. "Nilikuwa nasikia redio yako. Nilikuwa nasikia unavyomgombeza mtumishi. Dada yangu kafa, siwezi kutoka, sina wa kumwambia amekufa. Nikaupiga ukuta kwa kiganja siku moja, hivi. Ukasema kwa sauti, 'Watoto gani hao wanapiga mpira?'"

Nakumbuka. Wallahi nakumbuka, nilikuwa napika.

Nikawa nalia, mimi muosha nisiyelia kwenye maiti. Yeye hakulia. Akanishika mkono, kidole changu ndani ya mkono wake, kama alivyonishika zamani mbele ya kabati, na mara hii hakunifunza kitu.

"Hilo la kutokwenda," akasema, "halikuwa lako. Halina radhi. Hilo la kutokuja, jirani, ndilo lako. Na hilo bado."

"Nisamehe na hilo."

"Ntaona. Njoo tena, nitazame."

Nje honi ikalia. Mjukuu wangu huyo. Dada wa kazi akaniletea viatu.

"Ntakuja," nikasema. "Inshaallah ntakuja."

"Lini?"

"Mungu akipenda, karibuni."

"Mungu hajakataa, jirani. Nnakuuliza nani ataendesha."

Honi ikalia tena. Nikainama nikambusu kichwa, nikatoka.

Hiyo ilikuwa Shaabani. Ramadhani imepita, Iddi zote mbili zimepita. Nimewaambia wajukuu wawili. Mmoja kasema Ijumaa. Mwengine kasema nimkumbushe.